Kusimamia Mradi wa Ujenzi Ukiwa Mkandarasi Mkuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaobeba mradi mzima kwa mara ya kwanza: fundi aliyepanda, mhandisi aliyeacha ajira, mtu aliyeshinda zabuni yake ya kwanza. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na yale magumu. Mkataba wako na sheria za ujenzi za mahali ulipo ndivyo vyenye kauli ya mwisho. Hapa tunazungumzia kazi yenyewe inavyokwenda.

## Mambo ya msingi

Mkandarasi mkuu anafanya nini hasa, kama wanaojenga ni mafundi?

Anabeba ahadi. Mteja amesaini na wewe, si na fundi bomba wala muuza nondo. Kwa siku ya kawaida, maana yake ni kwamba kila fundi anapofika saiti anakuta nafasi ya kufanyia kazi, vifaa, na mchoro ulio sahihi. Kimoja kikikosekana, unawalipa watu wakae kivulini.

Kuna upande wa pili ambao wengi huuchukulia kirahisi. Jengo ni vitu vinavyofunika vitu. Udongo hufunika msingi, zege hufunika nondo, lipu hufunika mabomba ya umeme, vigae hufunika kizuia maji cha bafuni. Wewe ndiye mwenye wajibu wa kuona kila kitu kabla hakijafunikwa, na kubaki na ushahidi kwamba ulikiona. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Natofautianaje na msanifu, mhandisi, mkadiriaji majenzi na fomeni?

Msanifu na mhandisi huamua jengo liweje. Mkadiriaji majenzi hupima kazi iliyofanyika ili ilipwe. Fomeni huendesha saiti saa kwa saa. Wewe unaamua litajengwaje: kwa mpangilio upi, kwa watu gani, kwa mashine zipi.

Mhandisi akikagua nondo zako na kusaini, usidhani mzigo umehama. Mikataba mingi inasema waziwazi kwamba idhini yake haikuondolei wajibu. Jicho lake ni la pili. La kwanza ni lako.

Lazima niwepo saiti kila siku?

Wewe binafsi, si lazima. Lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni" na akasikilizwa. Kama una miradi miwili au mitatu, usigawe muda wako sawasawa. Gawa kwa kufuata kinachokwenda kufunikwa. Siku ya rangi unaweza kukosekana. Siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, hapana.

Shajara ya saiti niandike nini?

Hali ya hewa, idadi ya watu kwa kila fani, mashine, vifaa vilivyoingia, kazi iliyofanyika na sehemu yake, wageni na maagizo waliyotoa, na kila kilichokwamisha kazi pamoja na muda wake. Iandikwe siku hiyohiyo. Shajara iliyojazwa Jumamosi kwa wiki nzima inajulikana kwa kuitazama tu, kwa kuwa kalamu ni moja na siku zote zinafanana.

"Mvua" haitoshi. "Mvua kubwa saa 8:20 hadi saa 10:00 alasiri, shimo la msingi upande wa kaskazini limejaa maji, pampu imewashwa saa 10:15, watu 14 hawakufanya kazi" inatosha. Sentensi hiyo moja inaweza kukupatia siku za nyongeza miezi sita baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kama mvua ilinyesha. Ongeza picha, na kwenye picha ya kitu kinachofunikwa weka tepu ya kupimia ili vipimo vionekane.

## Kabla ya kuanza kuchimba

Nitazame nini kwenye michoro kabla ya kuweka bei?

Weka mchoro wa msanifu, wa mhandisi, wa umeme na wa mabomba juu ya meza moja, uilinganishe. Makosa mengi hayamo ndani ya mchoro mmoja. Yako kati ya michoro. Bomba la maji taka linapita penye bimu, yaani boriti ya zege. Mlango una upana mmoja kwa msanifu na mwingine kwa mhandisi. Usawa wa sakafu haulingani na ngazi. Andika maswali yote na uyapeleke kwa maandishi kabla ya kufunga zabuni. Ukigundua baada ya kusaini, soma swali la mchoro wenye kosa, karibu na mwisho.

Nipange bei vipi nisije nikapata hasara?

Pima mwenyewe hata kama umepewa jedwali la idadi ya kazi. Kisha jua uzito na ujazo wa vitu unavyonunua. Nondo ni mfano mzuri: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni takriban kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 una karibu kilo 10.7. Mzigo ukifika, pima miche kadhaa. Ikipungua sana, umeuziwa nondo nyembamba, na tatizo hilo si la fedha tu.

Wengi hupotelea kwenye gharama zisizoonekana ndani ya jengo: uzio, stoo, maji na umeme wa saiti, ulinzi, bima, dhamana za benki, mishahara ya wasimamizi. Hizi hazifuati idadi ya matofali, zinafuata kalenda. Mradi wa miezi minane ukifika mwezi wa kumi na mbili, matofali ni yaleyale lakini mlinzi umemlipa miezi minne zaidi.

Nikiongeza 20% juu ya gharama, faida yangu si 20%?

Hapana. Gharama ikiwa 100 ukauza kwa 120, faida yako ni 20 kati ya 120, yaani takriban 16.7%. Ukitaka faida iwe 20% ya bei, ongeza 25% juu ya gharama. Na kumbuka gharama za ofisi yako zinatoka humohumo.

## Ratiba

Ratiba ina maana gani kama kila wiki inavunjika?

Ratiba haiwekwi ili itimie kama ilivyoandikwa. Inakuonyesha kuchelewa kupi kunauma. Mafundi wa rangi wakichelewa siku tatu huenda kusitokee lolote. Fundi wa fomu za slabu, zile mbao za kumwagia zege, akichelewa siku tatu, jengo lote limechelewa siku tatu. Kazi za namna ya pili zimeshikana kama mnyororo kutoka mwanzo hadi mwisho wa mradi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni za Marekani DuPont na Remington Rand zilibuni njia ya kuutafuta mnyororo huo kwa hesabu, na programu za ratiba za leo bado zinaitumia. Kwa mradi mdogo penseli inatosha. Kwa kila kazi jiuliza: hii ikichelewa siku moja, nani anashindwa kuanza kesho?

Mbali na ratiba kubwa, kaa na fomeni na wakandarasi wadogo kila wiki mtazame wiki tatu zijazo. Anzia na vitu vinavyotengenezwa kwa oda, kama lifti, madirisha, transfoma na milango maalumu. Hivyo huagizwa wakati bado uko kwenye msingi.

## Mafundi na wakandarasi wadogo

Nilipe kwa siku au kwa kazi?

Kwa kazi, pale inapopimika na ubora wake unaonekana baadaye: kujenga ukuta, kupiga lipu, kuweka vigae. Kwa siku, pale ambapo haraka inaharibu na kinachoharibika kinafunikwa. Fundi anayelipwa kwa kila mita ya kizuia maji ana kila sababu ya kupaka mkono mmoja badala ya miwili, na baada ya vigae hakuna atakayejua mpaka dari ya chini iloe. Ukilazimika kulipa kwa kazi hapo, weka sharti kwamba malipo yanatoka baada ya ukaguzi.

Mkandarasi mdogo akiharibu, nani anawajibika kwa mteja?

Wewe. Ndiyo maana mkataba wako naye unapaswa kubeba masharti yaleyale uliyosaini juu: muda, viwango, makato ya dhamana (fedha zinazozuiwa kwenye kila malipo), kurekebisha kasoro. Kilicho muhimu zaidi ni mpaka wa kazi. Nani anatoboa ukuta wa kupitisha bomba, na nani anauziba? Nani anatoa kiunzi, lile jukwaa la kusimamia mafundi? Nani anaondoa taka? Ugomvi mwingi wa saiti ni juu ya tundu ambalo halikuwa kwenye bei ya mtu yeyote.

## Ubora: kabla hakijafunikwa

Nikague nini kabla ya kumwaga zege?

Anza na fomu: zimesimama timazi, usawa ni sahihi, mirunda imekaa juu ya kitu kigumu na si juu ya udongo uliolowa, vumbi la mbao na vipande vya waya vimetolewa. Ingia kwenye nondo: idadi, kipenyo, nafasi kati ya nondo na nondo, urefu wa maungio, ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu) zimefungwa karibukaribu pale mchoro unapotaka. Kisha biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo kutoka kwenye fomu. Nondo iliyolala juu ya ubao itakuwa na kutu ndani ya miaka michache, na kutu huvimba na kulipasua zege. Mwisho, hakikisha mabomba ya umeme na maji yote yamo. Picha kwa kila sehemu, saini ya mhandisi, ndipo zege liitwe.

Ukaguzi hauishi hapo, na hili nililijifunza kwenye kibaraza kinachoning'inia, yaani kilichoshikwa ukutani tu bila nguzo kwenye ncha. Kibaraza cha aina hiyo hubebwa na nondo za juu, si za chini. Asubuhi tulikagua, kila kitu kilikuwa sawa na tukasaini. Mchana watu wa toroli walikuwa wanapita juu ya nondo zilezile. Zege likiwa bado bichi nilichukua kipande cha waya mgumu nikakididimiza mpaka kikagusa nondo, nikapima: milimita 65, badala ya 25. Kwenye slabu ya milimita 150 yenye nondo za milimita 12, kushuka huko kwa milimita 40 kunaondoa karibu theluthi moja ya uwezo wa kibaraza kubeba mzigo, na kwa juu usingeona chochote. Tulisimamisha kazi, tukalichota zege la kipande kile kwa makoleo, tukainua nondo, tukaziwekea viti vya chuma chini yake, tukatandika mbao za kupitia toroli, ndipo tukaendelea. Tangu siku hiyo kuna mtu mmoja kwenye kila slabu yangu ambaye kazi yake siku ya zege ni kutazama nondo za juu tu.

Mafundi wanasema zege ni gumu, niruhusu maji kidogo?

Hapana. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Maji ambayo saruji haiyahitaji hubaki ndani, kisha hukauka na kuacha vinyweleo. Zege likifika ni gumu kuliko ilivyokubaliwa, pima kwanza kwa ile koni ya milimita 300: jaza kwa matabaka matatu, kila tabaka shindilia mara 25, nyanyua koni, pima zege limeshuka kiasi gani. Kama kweli limekauka, tumia kemikali ya kulainisha iliyoidhinishwa na mhandisi, au lirudishe. Ondoa bomba la maji karibu na mashine ya kuchanganyia, vinginevyo katazo lako litadumu mpaka utakapogeuka.

Mirunda nitoe baada ya siku ngapi?

Fuata maelezo ya mhandisi. Kwa ujumla fomu za pembeni ya nguzo na bimu hutoka mapema, mara nyingi baada ya siku moja, kwa sababu hazibebi mzigo. Mirunda ya chini ni habari nyingine. Zege la saruji ya kawaida huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake siku ya 7, na nguvu inayotumika kwenye hesabu ni ya siku ya 28. Baridi huchelewesha zaidi.

Utaratibu wa kutoa pia una uzito. Kwenye slabu iliyoshikwa pande zote, anza katikati uelekee kwenye nguzo. Kwenye kibaraza kinachoning'inia, anza kwenye ncha uelekee ukutani. Na maji ya kumwagilia yasikatwe walau siku 7 za mwanzo.

Vipimo vya tofali za zege, zile sampuli za mchemraba zilizochukuliwa siku ya kumwaga, vimefeli siku ya 28. Tubomoe?

Bado, ila simamisha kuongeza mzigo juu ya sehemu hiyo na usipige lipu. Hakikisha sampuli ilitunzwa ndani ya maji, ilishindiliwa vizuri na haikuchanganywa na nyingine. Kisha mhandisi anaweza kuagiza nyundo ya kupima ugumu, na baadaye kukata vipande vya mviringo kutoka kwenye zege lenyewe. Matokeo yanaweza kuwa kukubali, kuimarisha au kubomoa. Uamuzi ni wa mhandisi kwa maandishi. Shajara yako ikionyesha zege la lori lipi lilikwenda wapi, utaimarisha nguzo mbili badala ya ghorofa nzima.

## Fedha

Nina kazi nyingi, mbona sina pesa?

Kwa sababu faida na pesa mkononi ni vitu viwili. Chukua mfano. Mwezi huu umefanya kazi ya 100. Kwenye cheti cha malipo zinakatwa 10 za dhamana, na 20 za kurudisha malipo ya awali uliyopokea. Zinabaki 70. Chini ya masharti ya mkataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, mteja ana hadi siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee madai yako. Kwa hiyo kazi ya mwezi wa kwanza inalipwa mwezi wa tatu, ikiwa 70, na wakati huo umeshalipa vibarua wa miezi mitatu.

Chora jedwali la fedha zinazoingia na kutoka kwa kila mwezi kabla ya kusaini. Mwezi ambao shimo ni kubwa kuliko yote ndio unaokuambia unahitaji mtaji kiasi gani. Na malipo ya awali yasijenge mradi mwingine. Mkandarasi anayemaliza mradi wa kwanza kwa fedha za wa pili ataishia kuhitaji wa tatu.

Mteja ameagiza mabadiliko kwa mdomo. Nianze?

Kwanza mwandikie, siku hiyohiyo: "Leo saa 5 asubuhi umeagiza ukuta wa jikoni uvunjwe na kusogezwa mita 1.2. Gharama na siku za nyongeza ni hizi. Naomba uthibitishe ili tuanze." Si kwamba humwamini. Miezi minne baadaye wote wawili mtakumbuka mazungumzo tofauti, na kila mmoja atakuwa mkweli.

Angalia pia muda wa kutoa taarifa ya madai katika mkataba wako. Kwenye FIDIC ya 1999 ni siku 28 tangu ujue au ulipopaswa kujua. Zikipita, haki yenyewe inaweza kupotea hata kama kazi umeifanya.

Mteja halipi. Naweza kusimamisha kazi?

Ikiwa mkataba unaruhusu, na kwa kufuata hatua zake. FIDIC ya 1999 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kusimamisha au kupunguza kasi. Ukiondoka bila taarifa, wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kabla ya kuondoka linda kazi: funika nondo zilizochomoza, toa maji kwenye mashimo, acha mlinzi, piga picha kila chumba.

## Usalama

Nianzie wapi kama bajeti ni ndogo?

Anzia na kuanguka na kufukiwa. Kofia na viatu ni muhimu lakini ni kinga ya mwisho. Weka vizuizi kwenye kingo za slabu na matundu ya lifti kabla fomu hazijatolewa, si baada ya mtu kuteleza. Kiunzi kikaguliwe kila wiki na baada ya kila mvua kubwa.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 au zaidi. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Kanuni za nchi nyingi huanza kudai kingo zishikizwe kwenye kina cha kati ya mita 1.2 na 1.5, lakini fundi aliyeinama ndani ya shimo fupi zaidi naye anaweza kufukiwa. Shikiza kingo au zilaze, weka udongo uliochimbwa mbali na ukingo, weka ngazi ya kutokea. Na mtu akifukiwa, wenzake wasirukie ndani bila kingo kushikizwa, kwa sababu hapo ndipo anapokufa wa pili na wa tatu.

## Hali ngumu

Mchoro una kosa, au fundi ana njia rahisi zaidi. Nibadilishe kidogo?

Usibadilishe chochote kinachobeba mzigo bila jibu la maandishi la mhandisi. Hotelini Hyatt Regency, Kansas City, vijia vya juu vilipaswa kuning'inizwa kwa vyuma virefu vilivyopita moja kwa moja. Ili kurahisisha utengenezaji, kila chuma kikafanywa viwili, kijia cha chini kikining'inia kwenye cha juu. Mabadiliko hayo yaliongeza mzigo wa ungio moja mara mbili. Tarehe 17 Julai 1981 vilianguka, na watu 114 wakafa. Kwenye karatasi yalionekana kuwa mabadiliko madogo.

Mteja anataka kuongeza ghorofa ambayo haimo kwenye michoro. Nikikataa nitafukuzwa.

Huenda ukafukuzwa kweli. Jengo la maduka la Sampoong mjini Seoul lilibuniwa la ghorofa nne, kisha mwenye mali akataka ya tano. Mkandarasi wa kwanza alikataa, akaondolewa, kazi ikamaliziwa na kampuni ya mwenye mali mwenyewe. Tarehe 29 Juni 1995 jengo lilianguka na kuua watu 502.

Mwambie mteja kwamba unahitaji hesabu mpya za mhandisi kuanzia msingi na kibali kipya, na ukipata vyote viwili utajenga. Akikataa, andika barua ya kukataa, tunza nakala, ondoka kwa kufuata mkataba.

Nimechukua kazi iliyoachwa na mkandarasi mwingine. Nawajibika kwa aliyoyafanya?

Inategemea utakachosaini, na ndiyo maana ukaguzi wa pamoja na mteja na mhandisi utangulie kabla hujapeleka hata toroli. Pigeni picha, pimeni, na mkubaliane kwa maandishi hali ya kila sehemu. Kwa yaliyokwisha kufunikwa, omba kumbukumbu za vipimo. Kama hazipo, omba sehemu chache zifunuliwe na zege lipimwe kwa gharama ya mteja. Nondo zilizoachwa zimechomoza zisuguliwe na zipimwe upya kipenyo, maana kutu ya muda mrefu huzila.

Nimeshakabidhi jengo, sasa mteja analalamika kuna nyufa.

Nenda ukazione, hata kama kipindi cha matazamio, muda wako wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano, kimebaki wiki moja. Kwa kawaida sehemu ya makato ya dhamana huachiliwa wakati wa makabidhiano na iliyobaki mwisho wa kipindi hicho, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12. Nyufa nyembamba za lipu zilizotawanyika kama utando mara nyingi ni za kukauka, na hurekebishwa. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, au unaopita kwenye tofali lenyewe na si kwenye maungio tu, unahitaji mhandisi.

Wakati unamsubiri, chora mstari mfupi kwa penseli kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe kando yake, pima upana, piga picha. Rudi baada ya mwezi. Ufa uliovuka mstari bado unatembea, na kuupaka rangi kwa sasa ni kuuficha.